Kasha la kioo lenye pawasaplai ndani, au ninunue pawasaplai peke yake? Nashuka Kisumu Jumamosi

picha_safi
Habari zenu wadau. Naunda kompyuta ya kuhariri vidio, na hii ndiyo ya kwanza kuiunda kwa mkono wangu. Vitu vingi nimeshapata: prosesa ya Ryzen 5 5600, bodi ndogo ya B550, RAM gigabaiti 16, SSD, na kadi ya picha ya RTX 3060 ya mtumba. Nimekwama kwa kasha na pawasaplai, ile ya kulisha mashine stima.

Kuna duka Kisumu lina kasha tamu sana. Kioo mbele, kioo ubavuni, feni nne za taa za rangi, na ndani wameshafunga pawasaplai ya wati 600. Yote elfu 7. Duka la pili lina pawasaplai ya Corsair ya wati 550, elfu 8 na nusu, hiyo peke yake bila kasha. Sasa nilipe zaidi nipate wati chache, kweli? Kazi yangu ni vidio za harusi na mazishi, mashine inakesha ikifanya kazi. Nipeni mawazo, usingizi umenikataa.

kamongo_mkavu
Mazishi na taa za rangi wapi na wapi. Weka nyeusi, uheshimu marehemu.

Section58
Achana na hizo za kufungiwa ndani ya kasha. Mimi hapa Nakuru nilikuwa nayo, ile yenye kiswichi chekundu kule nyuma, 115 upande mmoja na 230 upande wa pili. Mtoto wa dada yangu alikuja likizo, kidole hakitulii, akakisukuma hadi 115. Mimi nafika naiwasha. Mlipuko mmoja, moshi, na mtoto mwenyewe ndiye wa kwanza kuuliza "Anko, umefanya nini?" Bodi ilikwenda, diski ilikwenda. Tangu siku hiyo nikiona kiswichi chekundu narudisha kitu rafuni.

MamaPendo_Kibuye
Kijana, hiyo pesa yote si ungenunua laptopu ukatulia? Laptopu stima ikipotea inaendelea. Mnapenda kujisumbua.

fezi_tatu
picha_safi, wati za kwenye karatasi ya kasha ziache kwanza. Muulize mwenye duka akupigie picha ya lebo ya pawasaplai yenyewe, ubavuni. Tafuta mstari wa +12V uniambie ni ampia ngapi. Pia niambie mstari wa juu, pale pameandikwa input, unasema volti ngapi hadi ngapi. Na stima ya hapo kwako ikoje?

picha_safi
Asante boss. Wamenitumia. +12V ni 18A. Input inasema 200-240V. Stima yangu iko sawa tu, jioni ndiyo inashuka kidogo.

fezi_tatu
Piga hesabu. 12 mara 18 ni wati 216. Kadi yako peke yake ni wati 170, na bado Ryzen yako, feni na diski. Hiyo 600 ni rangi tu. Ile ya 550 ya kweli ukisoma lebo yake utakuta karibu ampia 45 kwenye huo mstari, yaani wati 540, na karibu vyote ndani ya kompyuta ya siku hizi vinakula hapo. Nvidia wenyewe kwa 3060 wanataja pawasaplai ya 550.

Angalia pia kama ina waya wa pini 8 wa kadi. Usipouona watakupa kiunganishi cha kuchukua stima kutoka waya za diski za zamani. Kikatae.

Sasa hiyo "jioni inashuka kidogo" sijaielewa. Stima ya nyumba nyingi inashuka jioni, lakini mtu hataji kitu ambacho hakimsumbui. Karibu yako kuna nini? Fundi wa kuchomelea? Kisiagi cha mahindi?

picha_safi
Kuna kisiagi lakini hakiko ndani ya chumba.

kamongo_mkavu
"Hakiko ndani ya chumba" 😂 Na chumba je, hakiko ndani ya kisiagi?

Section58
Ukuta mmoja?

picha_safi
Ukuta mmoja, ndiyo. Lakini wadau tusitoke kwa mada. Chumba nimepewa bure, stima silipi, watu wa soko lote la Luanda, hapa Vihiga, wanapita pale mbele, wateja wananiona. Mnataka nihame kwa sababu ya kasha?

fezi_tatu
Hiyo ndiyo mada. Ungeanza na hilo tungeokoa muda. Stima ya chumba inatoka wapi?

picha_safi
Imevutwa kutoka bodi ya kisiagi, fezi moja. Fundi alinifanyia vizuri tu. Motor ikianza kuzunguka balbu inafifia, halafu inarudi. Kompyuta ya zamani ilikuwa inajizima na kuwaka wakati huo, ndiyo maana naunda mpya.

fezi_tatu
Kwa hivyo unanunua kompyuta mpya uitie kwenye ugonjwa uleule.

Motor ikiwashwa moja kwa moja inavuta ampia mara tano hadi saba za kawaida yake, kwa sekunde chache. Hapo volti zinaanguka kwa kila aliye kwenye waya huo. Pawasaplai ya 200-240V ikiona 170 inajifia. Ya 100-240V haishtuki, inaendelea kazi. Ndiyo maana nilikuuliza mstari wa juu wa lebo. Zile zenye "active PFC" (saketi ya kurekebisha jinsi inavyovuta stima) na zisizo na kiswichi chekundu nyingi ni za 100-240V, lakini usiamini karatasi ya nje, soma lebo. Kwa mtu mwingine ningesema chagua unayoweza. Wewe, hapo ulipo, huna uchaguzi.

Omwana_wa_Mbale
Mimi nina swali moja tu. Chumba bure, stima bure, Luanda sokoni. Kisiagi ni cha nani?

picha_safi
Cha mzee.

Omwana_wa_Mbale
Mzee wako?

picha_safi
Baba mkwe.

Omwana_wa_Mbale
Eeh! Omwami, umehamia kwa wakwe? Mama mkwe anapita na ungo wa mahindi, wewe uko pale na vioo na taa za rangi, mnakutana ana kwa ana mlangoni? Kwetu mkwe akimwona mama mkwe njiani anaingia shambani hadi apite. Wazee wakisikia watakutoza kondoo.

MamaPendo_Kibuye
Waache watoto watafute riziki. Hayo ya kujificha shambani ni ya zamani, siku hizi mama mkwe yuko kwenye kundi moja la WhatsApp na mkwe.

Omwana_wa_Mbale
Mama, kwa heshima, ndiyo maana ndoa hazidumu.

kamongo_mkavu
Pawasaplai imeshafika kwenye ndoa.

picha_safi
Sikuhamia, nafanya kazi tu hapo, nalala kwangu. Na mzee mwenyewe ndiye aliniita. Rudini kwa kasha tafadhali. Kasha nimeshalilipia nusu, watakubali nilirudishe? Lile la kioo, si Corsair.

Section58
Ulilipia nusu halafu ukaja kuomba ushauri. Nakupenda.

picha_safi
Niliogopa litaisha. Na kioo kina faida, mteja akiona mashine imetulia anaamini kazi.

fezi_tatu
Kioo mbele kinafunga hewa. Feni zinavuta kupitia upenyo mdogo wa pembeni, na kadi inachemka. Lakini kwako hewa si shida kubwa, shida ni unga. Unga wa kisiagi ni mwepesi, unaelea, halafu ukikutana na unyevu unaganda kwenye mapezi ya feni. Nimewahi kufungua pawasaplai iliyokaa dukani kwa msaga unga. Ndani palikuwa na ukoko wa kijivu, ukiugusa kwa bisibisi unatoka kipande kizima, na chini yake mende. Hakuna feni iliyokuwa inazunguka.

Tafuta kasha la mbele wavu, lenye chujio la kutoa kwa mkono ukalioshe. Pawasaplai ikae chini, iwe na chujio lake. Feni mbili za kuvuta mbele, moja ya kutoa nyuma, ili hewa itoke kwenye mianya badala ya kuingilia hapo. Usiliweke sakafuni. Na uangalie zile bati ndogo za nyuma kwenye nafasi za kadi. Kasha rahisi zina bati za kuvunja, ukishavunja moja kisha ubadilishe kadi, tundu linabaki wazi. Penye kisiagi pana panya. Sihitaji kueleza zaidi.

MamaPendo_Kibuye
Na mchana ufunge mlango wa kupitishia mahindi. Unga ukijaa hewani ukikutana na cheche unaweza kulipuka, hata viwanda vikubwa vya unga vimewahi kulipuka. Hapo mzee avute sigara nje.

nyuki_tulivu
Nimesoma uzi wote nikicheka, sasa niseme. Huyu mtu anatunga. Kisiagi, baba mkwe, mazishi, kasha limelipiwa nusu, kila tukiuliza swali kinatoka kitu kipya. Na mwezi wa pili akaunti hii hii iliandika kwenye uzi wa wachumba kwamba "bado natafuta wa kutulia naye". Leo ana baba mkwe. Hii ni hadithi, au ni mwenye duka anatafuta wateja wa Corsair kiujanja.

kamongo_mkavu
Omera, hiyo ya wachumba umeitoa wapi 😂 Umekaa kwenye ule uzi ukitafuta nini?

picha_safi
Ile niliandika kwa niaba ya ndugu yangu, simu tunatumia pamoja. Mnataka ushahidi? Haya, nimetoka sasa hivi kusoma sahani ya motor: 15 kW, 415 V, 50 Hz, 1460 rpm. Mikono yangu ni myeupe unga.

fezi_tatu
Mimi naamini. Mtunzi angeandika 1500, kwa sababu ndiyo namba nzuri. Motor ya namna hiyo kwa stima yetu ya 50 Hz uwanja wake wa sumaku unazunguka 1500, lakini mwili wake unabaki nyuma kidogo, ndiyo 1460. Mtu asiyeona sahani hajui hilo.

nyuki_tulivu
Sahani za motor zimejaa mtandaoni. Na wewe na yeye mnaelewana haraka sana.

Section58
Sasa fezi_tatu naye ni mwenye duka? Tutaisha wote.

fezi_tatu
Nina kazi ya kufanya. picha_safi, sikia hili kabla ya vyote, liko juu ya kasha na pawasaplai. Umechukua fezi moja kwenye bodi ya fezi tatu. Waya wa nyutro ukilegea au ukikatika kwenye bodi hiyo, soketi yako inaweza kupata volti karibu 400 badala ya 240. Hakuna pawasaplai ya duka lolote itakayosimama hapo. Mwambie fundi akaze nyutro na aangalie kama imeungua rangi. Na arthi ipo?

picha_safi
Soketi ina matundu matatu.

fezi_tatu
Matundu matatu si arthi. Ukigusa chuma cha kompyuta ya zamani, mkono unawasha kidogo?

picha_safi
Kidogo, hasa nikivua viatu. Nilidhani ni kawaida ya kompyuta.

fezi_tatu
Si kawaida. Ndani ya pawasaplai kuna chujio linalovujisha umeme kidogo sana hadi kwenye bati la kasha, na arthi ndiyo inauondoa. Bila arthi unaupokea wewe. Na huko upande wa Magharibi na radi zenu, hapana. Piga nondo ya arthi, na mwambie mzee aangalie kuweka staa-delta, kiwashio cha hatua mbili, kwenye motor yake. Inashusha ule mvuto wa kuanzia hadi theluthi moja hivi. Fuse zake zitapumua na balbu zako pia.

picha_safi
Mzee hataki mtu aguse motor. Na gadi ya friji ninayo, haiwezi kutosha?

fezi_tatu
Gadi ya friji ikiona volti zimeshuka inakata, na inangoja kabla ya kurudisha. Friji haina vidio ya kupoteza. Tafuta UPS, ile ya betri ya akiba, yenye kurekebisha volti. Ya 650VA huwa inatoa chini ya wati 400, kwako inatosha kuokoa kazi na kuzima vizuri, si kukesha.

Nafula_K
Samahani kuingilia. picha_safi, wewe ndiye ulipiga vidio ya mazishi ya babu yetu pale Ebusakami, kijana wa stendi ya kijani? Tulilipa yote, flashi hatujaona, na simu yako inasema haipatikani.

kamongo_mkavu
nyuki_tulivu, njoo.

nyuki_tulivu
Au ni akaunti yake ya pili.

Nafula_K
Akaunti ya pili gani, dada, nataka flashi yetu.

picha_safi
Mama Nafula pole sana, ndiyo hiyo inayojizima ikifika nusu. Nakuandikia faraghani sasa hivi. Wadau, duka limekubali kubadilisha kasha, naongeza elfu moja na mia tano nachukua la wavu. Corsair ni 100-240V, nimeona lebo. Fundi anakuja Ijumaa mchana kabla foleni ya gorogoro haijaanza.

Omwana_wa_Mbale
Na kondoo?

Section58
fezi_tatu, mimi jirani yangu ana mashine ya kuchomelea, na pampu yangu ya maji ikiwaka tu...

fezi_tatu
Fungua uzi wako. Na uanze na jirani.