Gemu ya bao kwa PS2: ps2sdk au zana rasmi za Sony?

KeteYaMtwara
Wakuu, natengeneza gemu ya bao la Kiswahili kwa PS2, mashimo 32 na kete 64, ichezwe kwenye vibanda vya gemu hapa Mtwara. C naijua. Nina ps2sdk ya bure (zana huru za kutengenezea programu za PS2), na kuna jamaa ananipa kopi ya zana rasmi za Sony, zile zilizovuja. Nishike ipi? Halafu jaribio langu la ps2sdk kwenye PCSX2 (programu inayoiga PS2 kwenye kompyuta) liko safi, ila kwenye mashine yenyewe kete zinatoka na chenga. Picha nazipeleka kwa DMA (kuhamisha data moja kwa moja bila kupitia prosesa), kodi yake nimeiandika mwenyewe.

FundiChikongola
Kopi iliyovuja achana nayo, mkuu. Ukishaunganisha gemu yako na maktaba za Sony huwezi kuigawa wala kuiuza kihalali. ps2sdk iko chini ya leseni ya AFL 2.0, gemu inabaki yako.

Tena faida kubwa ya wenye zana rasmi haikuwa kompaila (kigeuza kodi kuwa programu). Walikuwa na mashine ya DTL-T10000 yenye RAM MB 128, wakati PS2 ya dukani ina MB 32, na kifaa cha kupima DMA na prosesa fremu kwa fremu. Hivyo haviji kwenye flashi ya jamaa. Cha karibu navyo ni ps2link, programu ya kuunganisha PS2 na kompyuta: PS2 nyembamba (SCPH-70000 na kuendelea) ina tundu la LAN, unachomeka waya, ps2client kwenye kompyuta inarusha ELF (faili la programu yako) na maandishi ya printf yanakurudia hapo hapo.

Kompaila usiijenge mwenyewe, bando litaisha bure. Pakua iliyokwishajengwa ya ps2dev, ifungue, kisha weka vigezo vya mazingira PS2DEV, PS2SDK na GSKIT vionyeshe folda zake.

Kibandani: wanaocheza kwa flashi kupitia OPL (programu ya kufungulia gemu bila diski) tayari wana njia ya kuendesha ELF, mara nyingi memori kadi yenye FreeMCBoot, programu inayowaka PS2 ikiwashwa. (OPL yenyewe imejengwa kwa ps2sdk. Anayekuambia zana huru ni za kuchezea tu, muulize gemu zake zinafungukia wapi.) SCPH-9000x yenye BIOS 2.30 haikubali FreeMCBoot, hapo jaribu kuchoma DVD ya FreeDVDBoot, inayofanya kazi hiyo kwa diski.

LindiGS
Chenga hizo ni kashe (kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa). EE, prosesa kuu ya PS2, ina kashe ya data ya KB 8, yenye mistari ya baiti 64. Unachoandika kinakaa humo kwanza, DMA inasoma RAM moja kwa moja na kubeba vitu vya zamani. PCSX2 kwa kawaida haiigizi kashe hiyo, ndiyo maana kule huoni kasoro. Kabla ya kuanzisha DMA ita FlushCache(0), ili yaliyo kwenye kashe yaandikwe RAM, na data ianze kwenye anwani inayogawanyika kwa 16. Bora uweke aligned(64) kabisa, ili data mbili zisigombee mstari mmoja.

Ukimaliza hapo angalia VRAM (kumbukumbu ya picha), ni MB 4 tu. Kwa PAL (mfumo wa TV) ya 640 kwa 512, biti 32, fremu mbili zinakula MB 2.5. Z-bafa (ya kupanga kipi kiko mbele) izime, bao halina kina. Picha ya 256 kwa 256 ya biti 32 ni KB 256. Ya biti 8 ni KB 64 na jedwali la rangi la KB 1. Komwe, yaani kete zenyewe, ni kijivu kitupu, biti 8 inatosha na kubaki.

Alfa (kiwango cha kupenya mwanga) ya PS2 ni 128 kwa kitu kisichopenya mwanga, PNG inakupa 255. Gawanya kwa 2, la sivyo kete zitang'aa kupita kiasi. Na andika 0.5f, usiandike 0.5: 0.5 tupu ni double (namba ya biti 64), na EE haina double ya kwenye chipu, inaiga kwa programu na inachelewa.

KeteYaMtwara
FlushCache imemaliza chenga, asanteni. Sasa nikianzishia uLaunchELF (programu ya kufungulia mafaili ya PS2), faili la sauti lililoko mass:, yaani kwenye flashi, halifunguki.

FundiChikongola
Bila shaka unaita SifIopReset mwanzoni, inayoanzisha upya prosesa ndogo ya vifaa (IOP). Ukishaita, dereva za USB ulizoachiwa na uLaunchELF zinafutika. Pakia dereva za USB upya kisha usubiri kidogo flashi itambuliwe, au ingiza sauti ndani ya ELF kwa bin2c, zana inayogeuza faili kuwa kodi ya C. Kwa gemu ndogo kama bao chagua bin2c, maana USB ya PS2 ni 1.1, inatambaa.

Matokeo ya wachezaji weka kwenye mafaili mawili ya memori kadi, uandike kwa zamu. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, lile la zamani linabaki zima.