Tupeane uzoefu: Wapenda muziki, tamaa ya kununua vifaa kila mwezi mnaizuiaje?

Mleta uzi, Tabata

Habari za jioni wakuu. Wakubwa shikamooni.

Jumamosi nilikaa na daftari nikaandika kila nilichonunua kwa ajili ya kusikiliza muziki tangu mwaka jana mwezi wa pili. Amplifaya laki sita na nusu. Spika jozi mbili, moja laki tisa, nyingine laki nne na nusu. Hedifoni 780,000. Kile kiboksi cha kugeuza sauti ya kidijitali kabla haijaingia kwenye amplifaya, 320,000. Waya, waya tu jamani, 140,000. Nikajumlisha mara mbili nikidhani simu imekosea: 3,240,000. Chumba changu cha kupanga nalipa laki na nusu kwa mwezi. Kwa hiyo spika na wenzake wangenilipia kodi miezi 21 na chenji ikabaki.

Sinywi, sivuti, sibeti. Ndiyo ilikuwa hoja yangu kila nikitoa hela: kila mtu na starehe yake. Ila nikijichunguza naona raha yenyewe huwa inaisha kabla kifaa hakijafika. Ni saa tano usiku, bando la usiku limeingia, namwangalia mzungu YouTube akifungua boksi taratibu kama anamvua mtoto soksi, moyo unadunda. Asubuhi nampigia dalali wangu wa Kariakoo. Kifaa kikija napiga nyimbo zilezile nne ambazo najua besi inaingia sekunde ya ngapi. Sisikilizi wimbo, nakagua spika. Wiki ya tatu ishakuwa fanicha, naweka juu yake funguo na bili za maji.

Sasa jana kuna mtu kanitumia picha ya amplifaya ya zamani, Marantz, ile yenye mwanga wa bluu mbele. Laki nne na nusu, iko Ilala. Picha bado ninayo. Ya "acha tu ndugu" nimeshajiambia mwenyewe mara nyingi, haikusaidia. Nataka waliopitia, mlifanyaje?

Mdau, Gongo la Mboto

Tuma hiyo picha mkuu tuione hali yake.

Mleta uzi, Tabata

Siitumi. Utainunua wewe.

Fundi redio, Mbagala

Mimi natengeneza hivyo vitu miaka kumi na saba, na nawaambia wateja wangu ukweli ingawa unanikosesha kazi.

Watu wengi wananijia wakitaka kuongeza wati. Ana amplifaya ya wati 50 kwa kila spika, anataka ya 100, anadhani muziki utalia mara mbili. Hautalia mara mbili. Ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3, sikio linaona ni kupanda kidogo tu. Ili uone kweli sauti imekuwa mara mbili unahitaji wati kama mara kumi. Sasa piga hesabu ya bei, halafu mpigie hesabu na jirani yako wa ukuta mmoja.

Na hizi sabufa za dukani zilizoandikwa kwenye boksi wati elfu kumi, geuzeni nyuma msome pale waya wa umeme unapoingia. Nyingi zimeandikwa zinatumia wati 60 au 80. Kitu kinachokula wati 60 kitatoaje elfu kumi? Hata ng'ombe ukimpa debe moja la pumba hakupi mapipa kumi ya maziwa.

Jingine, dukani wakikulinganishia vifaa viwili, angalia mkono wa muuzaji. Kile cha bei anakipandisha sauti kidogo. Sikio la binadamu likisikia sauti iliyopanda kidogo linasema "hii safi zaidi". Hapo wengi mmeachia hela.

Mama wawili, Sinza

Mimi sio mgonjwa, mimi nauguza.

Baba watoto alikuwa anaingiza spika usiku kama mtu anayeingiza gongo. Nikiuliza, "Nimeazimwa na jamaa wa kazini, anasafiri." Huyo jamaa alisafiri miaka minne. Siku moja nikamkuta mke wake msibani, nikamwambia shem, mje mchukue mizigo yenu, watoto wanajigonga. Akaniangalia kama nimechanganyikiwa.

Tulikorofishana wiki nzima, sikatai. Lakini kilichosaidia hakikuwa ugomvi, maana kabla ya hapo tulishagombana sana na spika ziliendelea kuingia. Tulikaa tukapanga kwamba kuna elfu arobaini ya redio kila mwezi, inakaa kwenye laini yake ya pili, mimi siiulizi. Akitaka cha laki mbili asubiri miezi mitano. Na kikiingia kimoja kitoke kimoja, kiuzwe, hela irudi laini ileile.

Ajabu ni hii: akishafika mwezi wa tatu hamu ya kile kitu imeisha, anataka kingine, anaanza kuhesabu upya. Mwaka huu amenunua kimoja tu. Na siku hizi ananiita nikae naye nisikilize taarabu zangu kwenye hizo spika zake, zamani nilikuwa naambiwa nisiziguse.

Mdau, Kinondoni

"Jamaa alisafiri miaka minne" 😂😂 Mama wawili umenimaliza.

Mdau, Kimara

Yangu ni fupi na inauma. Niliona amplifaya ya mtumba kutoka Japani, nzito, kilo kama 18, inang'aa. Muuzaji kasema kuna mtu mwingine anakuja saa kumi na cash. Nikatoa 550,000 saa nane na nusu. Nikapanda nayo bajaji kutoka Kariakoo mpaka Kimara nimeipakata kama mgonjwa.

Nikachomeka. Haikufika hata wimbo, ikapiga "paa!" na moshi. Kumbe nyuma imeandikwa volti 100. Umeme wa Japani ni volti 100, wetu ni 230. Maandishi yapo, makubwa tu, ila mimi nilikuwa naangalia mbele kwenye taa.

Sasa hapo mtu mwenye akili angeishia. Mimi nikampa fundi 120,000, nikanunua transfoma ya kushusha umeme 95,000. Hesabu ikafika 765,000 kwa kitu ambacho nikiuza leo sipati laki tatu. Nilikuwa nafukuza hela yangu kwa hela nyingine.

Yule mtu wa saa kumi, nina hakika, hakuwepo. Tangu siku hiyo nikiambiwa "kuna mtu anakuja" namjibu muuzaji amuuzie huyo huyo.

Mdau, Ubungo

Mimi niliponea kwa mwanangu wa darasa la sita.

Nilinunua waya wa spika wa 180,000. Nikaapa kwa kila aliyekuja nyumbani kwamba sauti imefunguka, unasikia hadi mpiga gitaa anavyovuta pumzi. Dogo akaniambia, "Baba, geuka ukutani, mimi nabadilisha, wewe sema ni upi." Nikageuka kwa kiburi. Mara ishirini. Anabadilisha au anajifanya kabadilisha, mimi nataja. Nilipata tisa. Ningetupa shilingi hewani ningepata kama hivyo.

Alivyokuwa hana huruma akatafuta mtandaoni kile kipimo cha masikio, ule mlio mwembamba unaopanda. Inasemekana binadamu anasikia kuanzia 20 hadi 20,000 hezi, ila hiyo ya juu ni ya watoto, inashuka umri ukienda. Mimi nina miaka 46, nikaishia kama 12,000. Dogo bado anaziba masikio mimi nasema sisikii kitu. Na hedifoni zangu za laki sita ziliandikwa kwenye boksi kwamba zinafika 40,000. Nimelipia sauti ya popo.

Waya niliuza. Hedifoni ninazo, ni nzuri, sizilaumu. Ila nikishikwa na hamu sasa namwita dogo aje na mtihani wake. Ananidai elfu mbili kila mtihani.

Dada, Kigamboni

Nyie mnacheka, mimi nitaandika kidogo tu. Nilikopa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, 300,000 ninunue spika ya kubeba ya bei, kwa ajili ya birthday yangu ufukweni. Marejesho kila siku. Siku ya tisa nikakopa kwingine kulipa ile ya kwanza. Spika niliiuza mwezi wa pili kwa 170,000 na deni bado likawepo. Nimemaliza Mei. Programu za mikopo nimezifuta zote, na simu ya wale watu ikiniita hadi leo tumbo linakata.

Kununua kwa hela yako ni jambo moja. Kwa mkopo usijaribu, tafadhali.

Mleta uzi, Tabata

Pole sana dada. Nimekusoma mara mbili.

Mzee wa kaseti, Magomeni

Marahaba wanangu.

Nilikuwa na miaka sita mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe alipofariki kwa ajali kule Mombasa, mwaka 1979, na nakumbuka marehemu baba aliizima redio akakaa nje. Redio yenyewe ilikuwa ya mbao, spika moja. Muziki wote ninaoupenda umeniingia kwa spika hiyo moja.

Nilipopata kazi bandarini nikasema nitausikia sasa inavyotakiwa. Nikanunua, nikanunua. Nilifika mahali nina mashine tatu za santuri na sindano moja nzuri, nahamisha sindano kama mtu mwenye kiatu kimoja na suruali tatu. Miaka ya tisini mwishoni niliwahi kuchukua hela ya bati za nyumba ya mama kijijini. Mvua za masika zile nilikuwa hapa mjini na spika mpya, na kila ikinyesha nazima, siwezi kusikiliza. Hilo mama hakuwahi kulijua. Bati nilipeleka mwaka uliofuata.

Kilichonituliza ni jambo ambalo si la hela. Siku moja nilikaa nikijaribu kulisikia gitaa la pili kwenye wimbo wa zamani wa bendi ya Sikinde. Silipati. Nikasema tatizo spika. Nikabadilisha, silipati. Nikamuuliza mzee mmoja aliyekuwa akipiga dansi enzi hizo, akacheka. Akaniambia hizi ngoma tulirekodi pale Radio Tanzania, bendi nzima inapiga kwa pamoja, mkanda unazunguka, ukikosea mnarudia wote. Gitaa unalolitafuta lilikuwa mbali na maikrofoni. Halimo. Ununue spika ya Ulaya ununue ya mbinguni, halimo kwenye mkanda.

Basi nikauza. Nimebaki na deki moja ya kaseti na jozi moja ya spika. Mkanda wa mpira wa ndani ukilegea fundi ananibadilishia kwa elfu kumi na tano, kichwa cha deki kinachosoma kaseti nakifuta mwenyewe kwa spiriti na pamba. Ila hela niliyotumia vizuri kuliko zote ni zulia. Sebule yangu ni vigae na ukuta mtupu, sauti inarukaruka kama bafuni. Mama watoto alitandika zulia na mapazia mazito kwa mambo yake ya Idi. Jioni nikawasha, nikamuuliza umegusa nini kwenye redio?

Fundi redio, Mbagala

Mzee umesema. Nikienda kufunga spika nyumba ya vigae nawaambia waanze na zulia, wananiona fundi njaa.

Mdau, Gongo la Mboto

Mzee shikamoo. Hizo mashine za santuri uliziuza zote? Hamna hata moja imebaki stoo?

Mzee wa kaseti, Magomeni

Marahaba. Zimeisha. Wewe kijana unahitaji kuombewa.

Mama wawili, Sinza

Mleta uzi upo? Ile ya Ilala umeifanyaje?

Mleta uzi, Tabata

Nipo. Niwajibu kwa uaminifu.

Juzi nilienda kuiona. Najua, najua. Nikageuza nyuma kama alivyosema wa Kimara, imeandikwa 220, kwa hiyo hapo haina kesi, na nikajilaumu kwa kufurahi. Nikamwambia muuzaji nitarudi. Akasema kuna mtu anakuja saa kumi. Nikacheka mpaka akaniuliza kuna nini.

Nimerudi nyumbani nimefungua laini ya pili, nimeweka elfu hamsini. Kwa mwendo huo laki nne na nusu ni miezi tisa. Zulia nimeulizia pale Ilala Sokoni, la mtumba, 85,000, sijanunua bado kwa sababu nimejishtukia naangalia picha za mazulia saa tano usiku.

Jana nilisikiliza kaseti ya baba upande mzima, nusu saa, bila kuinuka. Katikati simu ikaita ujumbe, nikaiacha. Ulipoisha nikasoma. Ni yule wa Ilala: "Boss bado ipo. Nikupe kwa laki tatu na themanini, mwisho leo."

Sijamjibu mpaka sasa hivi ninavyoandika.

Mdau, Gongo la Mboto

Nipe namba yake nikusaidie.