Bonde la Ufa: nani hasa anasukuma mabamba?

mdadisi_wa_kijiji: Wakuu, dogo wangu wa kidato cha pili kaniuliza bara letu linapasuka kweli, nikamwambia ndio, akaniuliza sasa nani anasukuma mabamba (vile vipande vikubwa vya tabaka gumu la juu la dunia) nikabaki natoa macho. Kitabu chake kinasema mikondo ya joto huko chini, kama uji unaochemka sufuriani. Kumbe tumekalia uji?

Mzee_Miamba: Hamna uji mkuu. Manto, yaani tabaka lililo chini ya ganda la dunia, ni mwamba mgumu, unene kama km 2,900, ila kwa joto na mgandamizo ule unajivuta taratibu sana, sentimita chache kwa mwaka, wa chini ukipata moto unakuwa mwepesi unapanda, ukifika juu unapoa unazama tena. Huku kwetu kuna joto jingi linapanda ndo maana Ethiopia na Kenya zimeinuka vile, na bamba la Somalia (upande wa mashariki) linaachana na la Nubia (sehemu kubwa ya Afrika iliyobaki) milimita chache tu kwa mwaka. Usiuze kiwanja bado 😂

binti_jiografia: Naongezea, mkondo haubebi bamba tu kama mzigo. Sakafu ya bahari ikizeeka inapoa, inakuwa nzito, inazama na kulivuta bamba zima nyuma yake, hiyo ndo nguvu kubwa. Ndo maana bamba la Pasifiki lina spidi, la Afrika karibu halina sehemu za kuzama.

mdadisi_wa_kijiji: Na ule mpasuko wa Afar, Ethiopia, 2005?

Mzee_Miamba: Ule magma (mwamba ulioyeyuka) ilijipenyeza kwenye ufa wa km 60 hivi, sehemu zingine ardhi ikaachana hadi mita 8 ndani ya wiki chache. Mwonyeshe dogo picha zake.