Faili inasema "kidole cha nne": nitumie msimbo gani?

Swali, kutoka kwa karani wa kumbukumbu

Hamjambo wenzangu. Ninatunza kumbukumbu katika kliniki moja ya Nairobi, si mbali na Kamukunji, na wengi tunaowapokea ni mafundi waliokatwa na bati au grainda. Faili ya juzi imeandikwa hivi: "Mkato wa kidole cha nne, mkono wa kulia, ameshonwa." Nilitumia S61.0 ya ICD-10, ile orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa na majeraha, lakini bima imeyarudisha madai ikisema kwamba msimbo huo ni wa kidole gumba. Muuguzi naye ameandika pembeni kwamba mgonjwa hakuweza kukunja ncha ya kidole. Je, nilikosea, na ninaruhusiwa kuongeza msimbo wa kano (ukanda unaounganisha msuli na mfupa) kwa kutegemea maneno hayo ya muuguzi?

Jibu, kutoka kwa mkaguzi wa madai

Ndugu, hukukosea, mnasoma orodha mbili tofauti. Katika ICD-10 ya Shirika la Afya Duniani, S61.0 ni jeraha wazi la kidole chochote ambalo halikuharibu kucha, na kucha ikiharibika unatumia S61.1. Marekani ina toleo lake, lililoanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2015, na humo S61.0 ni ya kidole gumba, vidole vingine vikiwa chini ya S61.2, kisha huongezwa tarakimu za kuonyesha upande na kidole chenyewe. Waulize bima wanatumia toleo gani, kisha mshikamane nalo, kwa maana kuchanganya matoleo ndani ya dai moja kunaliharibu zaidi.

Jibu, kutoka kwa afisa tabibu

Mimi naona kasoro kubwa zaidi iko kwenye faili. Kidole cha nne ni kipi? Anayeanza kuhesabu kwenye gumba atafika kwenye kidole cha pete, na anayeanza kwenye shahada atafika kwenye kile kidogo cha mwisho, kwa hiyo sisi tunaotibu tunapaswa kuandika jina la kidole wala si nambari. Vivyo hivyo kwa neno mkono: mgonjwa husema "nimeumia mkono" akimaanisha kiganja, kifundo au hata kigasha, na tusipomuuliza zaidi, karani hana namna ya kujua.

Kuhusu kano, msimbo ni S66.1, lakini tafadhali usiuongeze mwenyewe. Irudishe faili kwa aliyemtibu, naye amwite mgonjwa haraka, akishikilie kiungo cha kati cha kidole na kumtaka akunje ncha. Asipoweza, huenda kano ya ndani imekatika, na mshono wa ngozi peke yake hautamfaa fundi huyo. Apime pia hisia za pande zote mbili za kidole, jambo lililopaswa kufanywa na kuandikwa kabla ya sindano ya ganzi, kwa kuwa neva ya kidole ina msimbo wake, S64.4.

Jibu, kutoka kwa karani mwenzako

Usisahau chanzo cha jeraha: grainda ya mkononi ni W29. Andikeni pia kama alikuwa kazini, maana akidai fidia chini ya sheria ya majeraha ya kazini ya mwaka 2007, faili hiyo itasomwa upya.

Aliyeuliza

Ahsanteni sana. Nimeirudisha faili. Ni kidole cha pete, na fundi amepigiwa simu aje leo.