Neno fotosinthesisi limetoka wapi jamani?

mama_viazi_uyole: Wadau habarini, mwanangu yuko fomu tu, somo la fotosinthesisi, yaani mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga, analijua vizuri ila neno lenyewe anakariri tu, jana kaniuliza mama limetokana na nini nikakosa jibu. Msaada tafadhali

mnyalu_mufindi: Kamwene dada. Ni Kigiriki hicho, vipande vitatu: foto ni mwanga, sini ni pamoja, thesisi ni kuweka, yaani kuunganisha vitu kwa mwanga. Na foto ya picha ndo hiyohiyo. Mwonyeshe kiazi kilichofukuka tutani kikapigwa jua, ule ukijani ni klorofili, ndo inayonasa mwanga kwenye majani

mwl_tukuyu: Sahihi kaka. Mwaka 1893 Charles Barnes, mtaalamu wa mimea wa Marekani, alileta majina mawili, yeye alipenda zaidi fotosintaksi lakini wenzake wakashika hili lingine, fotosinthesisi. Sisi kwa Kiswahili tuna usanisinuru, usanisi (kuunganisha vitu kuwa kitu kimoja) na nuru, mi nalipenda sana maana nuru kila mtoto anaijua toka nyumbani

mama_viazi_uyole: Asante mwalimu, asante kaka, kiazi cha hivyo ninacho hapahapa jikoni, akirudi tu namwonyesha