Barong Tagalog: vazi la fedheha ya ukoloni, au la Wafilipino wenyewe?

Mleta mada:
Wadau, kila picha ya bwana harusi wa Kifilipino ikipita, hoja ni ileile: eti lile shati jepesi linaloonyesha ndani, barong Tagalog, ni alama ya utumwa. Wanasema Wahispania waliamuru wenyeji wavae kitambaa kinachoonyesha ndani ili wasifiche silaha, na wasichomekee ili wajulikane kuwa ni watu wa chini.

Napinga. Wanahistoria wameitafuta amri hiyo, hawajaiona. Na nguo yenyewe inajitetea. Kule Kalibo, mkoani Aklan, jani la nanasi hukwanguliwa kwa kigae cha sahani, kisha kwa kifuu cha nazi, mpaka zitoke nyuzi laini kama unywele. Huungwa moja moja kwa mkono, fundo dogo baada ya fundo dogo, ndipo ziende kwenye kitanda cha mfumi. Uzi wa namna hiyo utatoa kitambaa gani kama si chepesi? Tena nchi ile ina joto na unyevu. Mtu wa pwani yetu hahitaji kuelezwa raha ya nguo isiyobana.

Nakubali kwamba nanasi lililetwa na Wahispania kutoka Amerika. Lakini leso nayo jina lake ni la Kireno, na nani atawaambia mama zetu si yao? Ramon Magsaysay alipoapishwa kuwa rais mwaka 1953 alivaa barong, wa kwanza kufanya hivyo. Mtu hajitwishi fedheha siku kama ile. Mwaka 2023 UNESCO ikautambua ufumaji huo wa Aklan kuwa urithi wa binadamu.

Mchangiaji:
Kwa heshima, ndugu, soma jina tena: *Tagalog*. Hilo ni kabila moja, la upande wa Manila. Wamaranao wa Mindanao, kisiwa kikubwa cha kusini, wana malong, kama kikoi kilichoungwa ncha kwa ncha, unaingia ndani yake na kukikunja kiunoni. Wat'boli wa Ziwa Sebu, kisiwani humo humo, wana t'nalak, kitambaa cha nyuzi za abaka (mmea wa jamii ya mgomba), chenye nakshi ambazo wafumaji husema wameoteshwa. Mfumaji wao Lang Dulay alipewa tuzo ya juu ya taifa kwa kazi hiyo mwaka 1998. Kwa nini shati la Manila ndilo livae jina la taifa?

Mleta mada:
Hapo umenibana, na sitakwepa. Mwaka 1975 serikali ya rais Ferdinand Marcos ilitangaza Wiki ya Barong Filipino. Jina likapanuka, lakini mkono wa Mindanao haukuongezwa hata uzi mmoja. Dai hilo ni la haki, ila ni tofauti na lile la fedheha, tusiyachanganye.

Kinachonisumbua ni hiki: kwa mila ya Wat'boli, kuikata t'nalak bila kufuata desturi huleta maradhi. Shati halishonwi bila mkasi. Sasa tukitaka Mindanao iingie kwenye vazi la taifa, tunaiingiza kwa njia gani wenyewe wasijione wamevunjiwa heshima? Karibuni, hasa mliowahi kuishi na kufanya kazi na Wafilipino huko Ghuba.