Bwawa la Nairobi: tusafishe maji au tuanze na mto unaoyaleta?

Mkazi wa Lang'ata

Hamjambo ndugu zangu. Ninakaa upande wa Lang'ata, na kutoka roshani yetu Bwawa la Nairobi linaonekana kama shamba ambalo hakuna aliyelipanda. Lilijengwa mwaka 1953 kwa kuziba Mto Motoine ili mji uwe na akiba ya maji ya dharura. Lilikuwa na ukubwa wa hekta 36 hivi, na wazee wa mtaa bado wanasimulia mashua za tanga zilizokuwa zikishindana hapo mwisho wa juma. Leo gugumaji limetanda, tope limejaa kiasi kwamba watu wanalima nduma na miwa palipokuwa na maji, na upepo ukigeuka kuja kwetu inatubidi tufunge madirisha.

Kamati yetu ya mtaa imechanga fedha kidogo, na mezani pana mapendekezo matatu: kukodi mashine ya kung'oa gugumaji, kununua unga wa bakteria ambao mwuzaji anadai utamaliza uchafu wote kwa miezi mitatu, au kuweka pampu za kupuliza hewa majini. Mimi si mtaalamu, ila nina shaka kwamba yote matatu yanatuliza homa na kuuacha ugonjwa palepale. Naomba mwenye ujuzi anieleze fedha kidogo kama hizi ziende wapi kwanza.

Mwalimu wa Biolojia

Shaka yako ina msingi. Gugumaji si ugonjwa. Ni mmea uliokuta chakula kingi ukala. Chakula chenyewe ni naitrojeni na fosforasi, na katika bwawa la mjini vyote viwili huja hasa na maji taka. Hesabu yake si ngumu: maji taka ghafi ya majumbani kwa kawaida huwa na miligramu 5 hadi 10 za fosforasi katika kila lita, ilhali ziwa huanza kujaa mwani hata likiwa na chini ya miligramu 0.1. Kwa maneno mengine, lita moja ya maji taka inatosha kuharibu lita hamsini au zaidi za maji safi.

Sasa nichukue mapendekezo yenu. Mashine itatoa gugumaji, na hilo si baya, lakini zaidi ya sehemu tisa katika kumi za mmea huo ni maji matupu, kwa hiyo mtalipia usafiri wa maji kwa lori. Mkiliacha lioze ukingoni, mvua ya kwanza itarudisha rutuba yote bwawani. Mbegu zake nazo hukaa miaka mingi topeni zikingoja mwanga, na likipata nafasi huweza kujizidisha mara mbili kwa muda wa wiki mbili hivi.

Kuhusu unga wa bakteria nitasema wazi: msiununue. Bwawa hilo halina upungufu wa bakteria hata kidogo. Lina upungufu wa oksijeni ya kuwawezesha kufanya kazi. Isitoshe, bakteria wanaweza kuigeuza naitrojeni ikawa gesi na kupaa hewani, lakini fosforasi haina njia hiyo. Italiwa, itatolewa, itazama, na itabaki mlemle.

Mfano wa kutuonya upo Afrika ya Kusini, katika bwawa la Hartbeespoort karibu na Pretoria. Walifuga wadudu wanaofyonza utomvu wa gugumaji, wakawaachilia kwa wingi, na gugumaji likapungua sana. Muda si mrefu mmea mwingine mdogo unaoelea ukatanda mahali palepale, kwa sababu chakula hakikuwa kimeguswa. Hata fukusi wanaokula gugumaji walioachiliwa katika Ziwa Viktoria upande wa Kenya kuanzia mwaka 1997 walisaidia kweli, lakini gugumaji halikwisha, na Ghuba ya Winam inalijua hilo.

Mhandisi Mstaafu

Ninakubaliana na Mwalimu, ila ameliruka tope, na kwangu mimi tope ndiyo nusu ya habari. Hata tukifunga leo kila bomba la maji taka, tope lililolala chini kwa miongo limeshiba fosforasi. Penye oksijeni, fosforasi hiyo hushikwa na chuma kilichomo ndani ya tope; oksijeni ikiisha, chuma huiachia na maji hurutubishwa kutoka chini. Ndiyo maana pampu za hewa si upuuzi mtupu. Zina kazi yake, lakini ni kazi ya mwisho, na kwa sasa mngekuwa mnapuliza hewa ndani ya mtaro. Vilevile kuna shabu, ileile ambayo bibi zetu walitumia kutuliza maji ya mtungi, ambayo huikamata fosforasi na kuizamisha. Mahali pengine imefanya kazi vizuri, lakini kuimwaga huku mto ukileta mzigo mpya kila saa ni kutupa fedha, na ikizidishwa hufanya maji kuwa na asidi na kuua samaki.

Ninachopendekeza kiko mlangoni mwa mto. Motoine unapoingia bwawani, chimbeni kwanza birika la kutegea mchanga na takataka, lenye njia ya kuingizia tingatinga ili lisafishwe kabla ya kila msimu wa mvua, kisha maji yapite polepole katika kinamasi cha kutengenezwa chenye kokoto na matete. Hamhitaji kwenda mbali kuona mfano. Hapohapo Lang'ata, tangu miaka ya tisini, maji taka ya mkahawa wa Carnivore na mabwawa ya kuogelea ya Splash yalikuwa yakisafishwa kwa mtindo huo, kuanzia kitanda cha kokoto chenye mimea hadi mfululizo wa vidimbwi ambavyo ndege walihamia bila kualikwa. Kinamasi hakiwezi kubeba maji taka ya mji mzima, na eneo lake lazima lipimwe kulingana na mzigo, lakini kwa mto ambao umepunguziwa uchafu huko juu kinafaa.

Jambo moja zaidi: tope lipimwe madini ya risasi, kadimi na kromiamu kabla halijaguswa. Likiwa na sumu, kulimwaga mashambani ni kuhamisha bwawa kulipeleka kwenye sufuria za watu.

Mzaliwa wa Kibera

Kwa heshima zote, mzee wangu Mhandisi, ni rahisi kusema "mto upunguziwe uchafu huko juu", lakini huko juu ndiko kwetu. Motoine unafika kwetu ukiwa tayari umebeba taka za Dagoretti, na sisi tunaongeza zetu, sikatai. Ila nani amewahi kutuuliza zinafikaje mtoni?

Nitawaeleza. Choo kimoja cha shimo hutumiwa na nyumba nyingi, na kikijaa, lori la kunyonya haliwezi kupita vichochoroni. Vijana huchota kwa ndoo usiku, wakajaza mapipa, wakayasukuma kwa mkokoteni. Pa kumwaga ni mbali, hivyo mtaro ulio karibu ndio hupokea. Vijana hao si wabaya. Wanalipwa kwa pipa na si kwa umbali. Pangekuwa na kituo cha kumwagia kinachofikika kwa mkokoteni, kilichounganishwa na bomba kuu la maji taka, wangekwenda huko.

Njia nyingine ipo na imeonekana. Vyoo vya biogesi ambavyo shirika la Umande Trust lilivijenga kwetu pamoja na vikundi vya wakazi vina mtungi chini ya ardhi, uchafu unageuka gesi ya kupikia, na ghorofani mna ukumbi. Vinadumu pale ambapo kikundi kinakusanya ada ndogo na kuna mtu anayeshika ufunguo.

Mkazi wa Lang'ata

Nimesahihishwa, na ninakushukuru ndugu yangu wa Kibera. Nitaiambia kamati iachane na unga na pampu, na nitapendekeza tukutane na vikundi vya upande wenu kuhusu hicho kituo cha mapipa, kwa kuwa mchango wetu hautoshi kuchimba birika lakini huenda ukatosha kuanzisha hilo. Swali langu la mwisho: tutajuaje kwamba kuna mabadiliko?

Mwalimu wa Biolojia

Pimeni kabla hamjafanya lolote, angalau msimu mmoja wa kiangazi na mmoja wa masika. Chukueni sampuli mahali patatu: Motoine kabla haujagusa Kibera, unapoingia bwawani, na unapotoka kuwa Mto Ngong. Tofauti ya namba kati ya pa kwanza na pa pili ndiyo mzigo wa mtaa. Kati ya pa pili na pa tatu ndiyo kazi ya bwawa lenyewe. Fosforasi ipimwe maabara. Uangavu wa maji hauhitaji maabara: tafuteni bati la duara lenye upana wa sentimita 20, lipakwe robo nyeusi na robo nyeupe kwa zamu, lifungwe kamba yenye alama, mlizamishe palipo wazi na kuandika kina linapopotea machoni. Likipotea kwenye sentimita 15 safari ya kwanza, msivunjike moyo. Andikeni tarehe na saa, mrudi baada ya wiki mbili.